Goli Bingwa la Uani: Rekodi za Magongo, Milingoti na Nyavu kwa Macho ya Nakuru

Ploti nyingi za Nakuru hupimwa futi 50 kwa 100. Ukishatoa nyumba, tangi la maji, kamba ya kuanikia nguo na mahali pa gari au pa kuku, uwanja unaobakia ni wa kugombaniwa. Goli kamili la kandanda lina upana wa futi 24, karibu nusu ya upande mfupi wa ploti nzima. Kwa hiyo mzazi wa Section 58, Kiamunyi au Lanet anayeombwa goli likizo ya Novemba ikifika hawezi kuuliza tu lipi ni kubwa. Na watoto wenyewe wakiwa wameshika magongo, maswali yanaongezeka, kwa sababu mpira ni mdogo, unakwenda chini kwa chini, na dirisha la jirani halina bima.

Magongo si mchezo mgeni hapa. Hoki ya shule za sekondari huchezwa muhula wa kwanza, na majira hayo vijana waliovaa sare hupanda matatu wakiwa na fimbo zilizopinda ncha. Uani na vichochoroni mambo ni tofauti: hakuna zulia, hakuna mwamuzi, na goli lazima liondoke jioni. Tumezipitia rekodi na masimulizi ya magoli ya dunia, tukitafuta yanayomsaidia mtu mwenye ua mdogo, upepo mwingi na fundi wa kuchomelea mtaa wa pili.

Kongwe kuliko yote: mawe mawili

Hakuna goli lililofungwa mara nyingi kuliko la mawe. Kaptembwa, Rhonda, Bondeni, popote penye kipande cha ardhi tambarare, mawe yanapangwa, mtu anahesabu hatua, mchezo unaanza. Yakikosekana mawe, kuna ndala; zikikosekana ndala, kuna sweta za shule. Bei yake ni sufuri, halianguki, na lori likipita halina hasara.

Kasoro yake ni moja: goli la mawe halina juu. Mpira ukipita usawa wa mkono wa kipa, hukumu hutolewa na mwenye mpira, na kwa kawaida mwenye mpira ndiye aliyepiga. Waingereza nao waligombana hivyo hivyo. Miaka ya 1860 walifunga utepe kati ya milingoti, na mtambaapanya wa mbao haukuwa lazima hadi 1882. Ila kwenye magongo ya watoto kasoro hii ni faida. Goli lisilo na juu, lenye sharti kwamba bao halali ni la mpira uliobingirika, linawafundisha kuuweka mpira chini, mbali na macho na meno. Kwa watoto wa chini ya miaka 6 sioni sababu ya kununua kitu kingine chochote.

Upande wa kaskazini, Waethiopia wana mchezo wa zamani zaidi wa magongo, genna, unaochezwa wakati wa Krismasi yao ya tarehe 7 Januari. Fimbo zimepinda, mpira ni wa mti, na wachezaji hawana idadi maalumu. Huko uwanja ni eneo lote lililopo. Usijaribu uani.

Kubwa, dogo, na hesabu ya nane

Vipimo rasmi vinafaa kujulikana kabla ya kwenda kwa fundi. Goli la kandanda ni mita 7.32 kwa 2.44. La hoki ya uwanjani ni mita 3.66 kwa 2.14, na nyuma chini lina ubao wa sentimita 46 ambao mpira ukiugonga hutoa mlio unaosikika hadi barabarani. La mpira wa mikono ni mita 3 kwa 2. La hoki ya barafu, ambalo watoto wa Kanada waliliiga na kulitoa nje kwenye lami, ni mita 1.83 kwa 1.22, yaani futi 6 kwa 4.

Hili la mwisho ndilo dogo kuliko yote tuliyoyataja, na ndilo linalotuhusu. Piga hesabu: goli moja la kandanda lina futi za mraba 192, la hoki ya barafu lina 24. Magoli manane yanaingia ndani ya moja. Udogo huo haukutokea kwa kubahatisha. Mpira mdogo unaopigwa kwa fimbo ukiwekewa lango kubwa, kila pigo ni bao, na mchezo unakufa kabla uji haujapoa. Kwa watoto wa miaka 8 hadi 12, futi 6 kwa 4 inatosha kabisa. Kwa wadogo wao, futi 4 kwa 3, na bila kipa. Anayetaka kumtengenezea mwanawe goli kamili la hoki ya uwanjani ndani ya ploti ya 50 kwa 100 ajue ananunua mapambo.

Refu kuliko yote

Hapa tutapita haraka. Kwa miaka mingi milingoti ya raga iliyotajwa kuwa mirefu zaidi duniani ilikuwa ya klabu ya Roan Antelope, Luanshya, Zambia, kwenye ukanda wa migodi ya shaba: zaidi ya mita 33. Nakuru ni mji wa raga, na uwanja wa Nakuru Athletic Club, nyumbani kwa timu ya Wanyore iliyotwaa Kombe la Kenya 2013 na 2014, haujawahi kuhitaji urefu huo. Wala mtoto wako. Kila sentimita unayoongeza juu inazidisha urahisi wa goli kupinduka, jambo tutakalolirudia, kwa sababu ndilo zito katika habari hii yote.

Wakenya waliosimama karibu zaidi na lango la dunia

Anayedhani magongo ni mchezo wa watu wengine amsome Avtar Singh Sohal. Beki huyu aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki nne mfululizo, kuanzia Roma 1960 hadi Munich 1972, tatu kati ya hizo akiwa nahodha, na kitabu cha rekodi za Guinness kiliwahi kumtaja kuwa mchezaji aliyecheza mechi nyingi zaidi za kimataifa za hoki: 167, kati ya 1957 na 1972. Mwenzake Surjeet Singh Panesar naye alicheza Olimpiki hizo hizo nne. Olimpiki ya Tokyo 1964 ilichezwa Oktoba, Kenya ikiwa haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru, na timu ya magongo ikamaliza ya sita.

Kilele kilikuwa Barcelona, Oktoba 1971, Kombe la Dunia la kwanza kabisa la hoki ya wanaume. Timu kumi zilikwenda. Kenya ilifika nusu fainali, ikafungwa na wenyeji Uhispania 1–0, kisha ikashindwa na India 2–1 katika mechi ya kutafuta nafasi ya tatu. Wa nne duniani, katika mchezo wa timu. Wanariadha wa Bonde la Ufa wameletea nchi medali zisizohesabika, lakini ukiuliza ni timu gani ya Kenya ya mpira wa aina yoyote imewahi kusogea hivyo kwenye Kombe la Dunia, orodha ni fupi sana.

Kilichofuata kinahusiana na ardhi. Olimpiki ya Montreal 1976 ndiyo ya kwanza kuchezesha hoki juu ya zulia la bandia badala ya nyasi. Kenya haikuwepo: ilisusia pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi. Waliorudi uwanjani baada ya hapo walikuta mchezo umehamia kwenye sakafu ambayo nchi tajiri ziliimudu na wengine wakaisubiri. Timu ya Kenya ilicheza tena Olimpiki za Los Angeles 1984 na Seoul 1988, na tangu hapo haijarudi.

Kwa mzazi wa Nakuru, historia hii ina maana ya vitendo. Mchezo wa zulia una kasi ambayo kokoto hazina, kwa hiyo vifaa vilivyobuniwa kwa ajili ya zulia haviufai ua wa murram. Mpira rasmi wa hoki una uzito wa gramu 156 hadi 163 na ni mgumu kama ngumi. Kwenye changarawe unaruka usikotarajia. Mpira wa tenisi, ambao ni karibu theluthi moja ya uzito huo, ndio wa uani. Ukichakaa manyoya yake unabingirika vizuri zaidi. Kumbuka pia kwamba Nakuru iko kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi, hewa ni pungufu kwa takriban moja ya sita ukilinganisha na Mombasa, na mpira mwepesi hauzuiwi sana. Umbali wa kupigia penalti uongezwe kidogo, kwa ajili ya kipa.

Lililoanguka kwa kishindo kuliko yote

Tarehe 1 Aprili 1998, Santiago Bernabéu, Madrid. Nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, Real Madrid dhidi ya Borussia Dortmund. Kabla ya filimbi, mashabiki nyuma ya goli waliukwea uzio uliofungiwa nyavu, uzio ukalegea, na goli zima likaanguka. Uwanja mmojawapo wa maarufu zaidi duniani haukuwa na goli la akiba. Walilazimika kulileta kutoka uwanja wa mazoezi, na mechi ikachelewa zaidi ya saa nzima. Na ilikuwa siku ya wajinga.

Hakuna aliyeumia siku ile. Lakini katika hoki ya barafu ya Marekani Kaskazini tukio la mwaka 1980 lilikuwa baya. Mark Howe, mchezaji wa Hartford Whalers, aliteleza kwa kasi hadi kwenye goli. Magoli ya wakati huo yalikuwa na bamba la chuma katikati ya fremu ya chini, ncha yake ikielekea mbele. Goli lilinyanyuka, bamba likamchoma vibaya. Alipona, na ligi ikabadilisha muundo wa goli. Baadaye zikaja pini zinazolishika goli lakini zinaachia likigongwa kwa nguvu.

Ukitaka kujua kwa nini goli la uani ni hatari kuliko linavyoonekana, chukua lile la futi 6 kwa 4 lililochomelewa kwa tyubu ya mraba ya inchi moja, geji 16. Kwa kina cha sentimita 70, linakula takriban mita 10 za chuma, na uzito wake unakuja kama kilo 11. Uzito mwingi uko mbele, kwenye milingoti na mtambaapanya. Mtoto akining'inia wima tu, mzigo wake unashuka kwenye miguu ya mbele na hakuna kinachotokea. Akianza kubembea, nguvu ya kama kilo tatu kuvuta mbele inatosha kulipindua. Kilo tatu ni mfuko na nusu wa unga. Sasa weka mtungi wa lita 20 uliojaa maji kwenye kila kona ya nyuma. Nguvu inayohitajika inapanda hadi zaidi ya kilo 20.

Kwa nini mitungi na si vigingi? Kwa sababu ya volkano ya Menengai. Udongo wa Nakuru ni majivu ya volkano, mwepesi na wenye vinyweleo. Kila mvua kubwa mji unasikia habari za ardhi iliyotitia mahali fulani. Kigingi kinachoshika barabara kwenye udongo mwekundu wa Kiambu, hapa kinatoka kwa vidole viwili baada ya mvua ya Aprili. Mtungi haujali udongo. Na sifa yake kubwa zaidi ni kwamba uzito wake unamwagika: jioni unamwagilia sukumawiki, goli linabebwa na watoto wawili. Kati ya ushauri wote ulio humu, huu ndio ningeuweka kwanza. Nunua goli jepesi, ulitie uzito unaoondoka.

Magunia ya mchanga pia yanafaa, ila paka na mchwa wanayapenda.

Wavu bora: muulize mvuvi wa Naivasha

Nyavu za goli zilibuniwa na mhandisi wa jiji la Liverpool, John Alexander Brodie, mwaka 1889, baada ya ubishi kama bao lilipita au halikupita. Januari 1891 zikajaribiwa Nottingham. Kabla ya hapo mpira ulikuwa ukiingia na kuendelea na safari, na watu wakibaki kutazamana.

Wazazi wengi hukosea hapa. Wavu wa kandanda unaouzwa kwenye maduka ya michezo una matundu ya sentimita 10 hadi 12 kwa kila upande. Mpira wa tenisi una kipenyo kisichofika sentimita 7. Unapita bila hata kugusa uzi. Unafunga goli zuri, watoto wanashangilia, na mpira uko kwa jirani anayefuga mbwa.

Sheria za hoki ya kimataifa zinataka matundu yasiyozidi milimita 45. Sasa tazama ziwani. Wavuvi wa Naivasha hutumia nyavu za inchi 4, kipimo kinachochukuliwa wavu ukivutwa hadi tundu lifumbe, kutoka fundo hadi fundo. Likifunguka kuwa mraba, kila upande ni inchi 2, kama milimita 51. Mpira wa tenisi haupiti. Mpira wa hoki haupiti. Kipande cha wavu uliochakaa kwa uvuvi, uliotobolewa na kambale hapa na pale, bado kina miaka ya kutumika nyuma ya goli, na kwenye fukwe kama Kamere au Karagita mtu anayeshona nyavu atakukatia na kukuziba matundu kwa uzi wa nailoni. Chagua wavu wa uzi uliosokotwa. Ule wa uzi mmoja unaong'aa kama kioo unakata vidole, na ndege wakiuingia hawatoki.

Mpinzani wa karibu ni neti ya kivuli inayotumika kwenye mashamba ya maua na vitalu. Ni imara, haipitishi hata kokoto, na mabaki yake hupatikana. Lakini matundu yake ni madogo mno, na alasiri ya Gilgil goli lililovikwa neti hiyo huwa kama tanga la jahazi. Upepo unaposhuka kutoka kwenye ngazi za bonde, fremu ya plastiki inaondoka yenyewe, bila mtoto kuigusa. Ukiitumia, iache wazi juu, funika nyuma na mbavu tu.

Yupo mshindani wa tatu, na kwa uzuri anawashinda wote: kamba ya katani. Mashamba ya mkonge ya Mogotio yako mwendo mfupi kaskazini mwa Nakuru, na mtu anayejua kusuka anaweza kufunga wavu kwa mkono jioni mbili tatu. Tatizo ni mvua. Nakuru ina misimu ya kubisha: ukidhani mvua za Aprili na Mei zimekwisha, Agosti inaleta nyingine. Katani iliyolowa ni nzito, inakauka polepole, inaoza. Kwa anayeanua goli kila jioni, ni chaguo la kupendeza. Kwa anayeliacha nje, mwaka mmoja ni mwingi.

Zito na jepesi: fundi, duka, au mikono yako

Chuma cha tyubu huuzwa kwa vipande vya futi 20. Viwili vinatosha goli moja la futi 6 kwa 4, na kipande kinachobaki kinafaa kuimarisha kona. Mwambie fundi mambo matatu kabla hajawasha mashine. Kwanza, akisage kila kiungo, kwa sababu ncha ya chuma kilichoyeyuka inachana goti. Pili, aifunge milango ya tyubu kwa vibati, maji yasiingie yakatengeneza kutu kutoka ndani. Tatu, mihimili ya nyuma iwe na bawaba au boliti za kufunguliwa kwa mkono, goli lilale bapa ukutani. Fundi mzuri wa jua kali atakuuliza la tatu kabla hujalisema. Na usimruhusu aweke ndoano za kushikia wavu mbele ya mlingoti, ambako ndiko uso wa mtoto unapoangukia.

Paipu za PVC ni hadithi nyingine. Hazihitaji fundi, zinakatwa kwa msumeno wa kawaida, na elibo na tii zinapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi. Goli zima ni kilo chache. Siri ni sehemu ya chini: tumia paipu ya inchi mbili kwa fremu ya ardhini na uijaze mchanga mkavu. Mita tatu na kitu za paipu hiyo zinabeba kilo nane hivi za mchanga, na hapo fremu inakaa. Usiziunganishe zote kwa gundi. Acha viungo vinne bila gundi ili goli livunjike vipande na kuingia chini ya kitanda. Adui wa PVC ni jua. Tuko karibu na ikweta na juu milimani, miale ni mikali, na paipu isiyopakwa rangi hukauka ikawa kama ganda la yai. Rangi ya mafuta, koti mbili, nyeupe ili mpira uonekane jioni.

Yale magoli ya kitambaa yanayojifungua yenyewe ukiyatoa kwenye mfuko ndiyo mepesi kuliko yote, na ndugu walioko ng'ambo hupenda kuyaleta. Yanafaa sana sebuleni. Nje, Naivasha au Gilgil, mchana wa Februari, utayafuata kwa nduthi.

Linaloondoka haraka kuliko yote

Kanada, ambako hoki ya mtaani ni desturi, mchezo husimama kwa neno moja: mtoto anayeona gari anapiga kelele, magoli yanaburutwa pembeni, gari linapita, yanarudishwa. Watoto wa Nakuru wana sheria hiyo hiyo, na hawakuiga kwa mtu. Tofauti ni kwamba hapa kelele ni za aina tatu, kwa sababu gari, nduthi na mkokoteni haviji kwa kasi moja, na anayesukuma mkokoteni hasimami. Goli lisiloweza kuinuliwa na watoto wawili wa miaka 9 halifai kuvuka geti la ploti. Hata yale yenye mitungi: barabarani tumia mitungi ya lita 5, ambayo hubebwa pamoja na fremu, na mpige marufuku kipa kushika mtambaapanya. Afadhali zaidi, wapeleke watoto penye kabro ndani ya ploti au kwenye uwanja wa shule.

Kanada hiyo hiyo ndiko ilikochezwa mechi iliyoweka rekodi ya urefu katika hoki ya barafu. Februari 2021, karibu na Edmonton, watu 40 walicheza kwa zamu saa 252 mfululizo kuchangia utafiti wa saratani, kwenye baridi inayogandisha kope. Mzazi ambaye amewahi kuita watoto waje kula mara nne hataona ajabu.

Na kama mtoto atauliza kama kuna Mkenya anayecheza ile ya barafu, jibu ni ndiyo. Nairobi, kwenye barabara ya Mombasa, Hoteli ya Panari ilifungua kiwanja cha barafu mwaka 2005. Hapo ndipo ilipozaliwa timu ya Ice Lions, ambayo haikuwa na mpinzani wa kucheza naye ndani ya nchi. Mwaka 2018 ilipelekwa Kanada, na wachezaji wawili wakubwa wa huko, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wakavaa jezi za Kenya na kucheza upande wake. Wengi wa vijana wale walianza kwa viatu vya magurudumu kwenye lami ya Nairobi.

Linaloibwa kuliko yote

Chuma. Hakuna ushindani. Biashara ya vyuma chakavu ilifika mahali ambapo Januari 2022 serikali iliipiga marufuku nchi nzima, baada ya nguzo za umeme kuharibiwa, na marufuku ikaondolewa Mei mwaka huo. Goli la tyubu lililoachwa nje ya geti usiku ni kilo 11 zinazosubiri mizani. Fundi anaweza kukuchomelea pete ya kufungia mnyororo kwenye mguu wa nyuma, na ukuta wowote wenye dirisha lenye vyuma unatosha kushikia.

PVC haina mteja. Pale ploti haina mlinzi wala geti linalofungika, hilo pekee linatosha kuipa ushindi dhidi ya chuma, hata kama fundi wako ni hodari na goli lake ni zuri zaidi. Wavu wa Naivasha ufunguliwe usiku vyovyote vile. Kuku wakilala humo, asubuhi utatumia saa nzima na mkasi.